Grupu ya bato yenye ilikua inakufa mbio kila wakijaza tanki

Bato yenyewe ni ya chuma, inapakiaka mizigo na abiria ku ziwa Kivu kati ya Goma na Bukavu, inatoka jioni, inagusa kisiwa ya Idjwi, asubui iko Bukavu. Jina yake naliacha. Mu chumba ya moteri kuko moteri kubwa ya kusukuma bato na pembeni yake kuko grupu ya mazutu, ni kusema jenereta ya dizeli, silinda mbili, 10 kVA, 220 volti monofasi, turu 1500 kwa dakika, inapozwa na maji ya ziwa. Hiyo grupu njo inalisha taa zote pamoja na taa za kusafiria usiku, pompi ya kutoa maji yenye inaingiaka chini mu bato, konjelateri za wamama wa samaki, na ile ralonji ndefu yenye abiria wote wanachajia telefone. Kwa hiyo ikikufa katikati ya ziwa usiku si mambo ya kukosa muziki tu, ni bato ya giza yenye bato zingine haziione.

Malalamiko ilikua hivi: grupu inawaka vizuri, taa nyeupe kabisa, kisha karibu nusu saa hivi taa zinaanza kupumua, zinafifia zinarudi, zinafifia zinarudi, mushale wa volti mu tablo unashuka 200, 180, 160, na grupu inakufa. Wanangoja kidogo, matelo anapiga ile pompi ya mukono ya mazutu, wanawasha, inawaka kama vile hakuna kitu ilifanyika. Nusu saa tena, ile ile.

Sasa angalia vile mambo ilienda mbele sijaitwa. Mushale wa volti unashuka, kwa hiyo kila mutu akasema ni regilateri ya volti, ile kadi ndogo yenye iko ku alternateri, ile sehemu ya grupu yenye inatoa umeme. Fundi wa kwanza akaibadilisha. Hakuna kitu. Fundi wa pili akasema ile mupya ni feki, akaweka ingine, na juu volti iliendelea kushuka akachukua tirnevisi na kuzungusha kale kavisi ka volti mpaka mushale ukapanda vizuri. Siku ile wakashangilia. Usiku wa kwanza ikakufa tena, na safari hii ikaondoka na televizio ya bato pamoja na chaja kadhaa za abiria, na hapo njo palikua fujo ya kweli juu abiria hawaelewi mambo ya regilateri, wanaelewa telefone yao.

Kulikua ata teori ya mazuku. Matelo moja, kijana wa Goma, akasema bato ikilala karibu na pwani gesi ya mazuku inashuka mu chumba ya moteri na inanyonga grupu. Usicheke haraka, si ya ujinga. Mazuku iko, ni gaz carbonique ya volkano, ni nzito kuliko hewa, inajikusanya mu mashimo na mu mabonde pande za Goma na Sake, inaua mbuzi na inaua watu, na kweli moteri haiwezi kuchoma mazutu bila oksijeni. Lakini moteri kubwa inavuta hewa mu chumba ile ile na haijawahi kukohoa, na tena grupu ilikua inakufa ata katikati ya ziwa upepo unavuma. Teori nzuri, ushahidi unaikataa, tuliachana nayo.

Mimi kitu nilitaka kwanza haikua kufungua kitu, ilikua kusikia. Nikauliza kapiteni inakufaka saa gani, ikiwa na muzigo gani, na kitu gani ilibadilishwa mbele shida ianze. Akajibu vile wanajibuka wote:

"Fundi, hakuna kitu tulibadilisha. Ilianza yenyewe."

Matelo moja mudogo alikua amekaa ku ngazi, akaingilia:

"Mukubwa, hii grupu iko na roho mbaya. Siku tunaijazia mazutu full njo inakufa mbio. Siku tanki iko nusu inatufikisha ata Idjwi."

"Wacha maneno yako weye, mazutu mingi inawezaje kuua moteri," kapiteni akamukatiza.

Na kweli ukisikia inaonekana ni kinyume. Kila mara ilipokufa wao walikua wanaona ni mazutu imepunguka, kwa hiyo mbele ya safari wanajaza mpaka mdomoni, na inakua mubaya zaidi. Lakini ile sentensi ya kijana njo ilikua kisa yote, nitarudia hapo chini.

Nikatoa multimetri. Na hapa njo penye nataka wafundi wenzangu wakae kidogo, juu hapa njo pesa inapoteaka. Tablo ya bato ile iko na kipimo cha volti paka, haina kipimo cha hezi, ni kusema umeme unapiga mara ngapi kwa sekunde. Volti peke yake haiwezi kukuambia nani ana kosa. Hezi inatoka ku mbio ya moteri, hakuna pengine: alternateri ya pole nne ikizunguka turu 1500 kwa dakika inatoa 50 hezi, ikishuka turu 1410 inatoa 47, hakuna regilateri ya volti yenye inaweza kubadilisha hiyo. Basi ukiweka volti na hezi pamoja grupu inajisema yenyewe. Volti inaanguka na hezi inabaki 50, ni upande wa umeme: regilateri, diode, sharbo kama iko nazo, bobini. Hezi inaanguka, ni upande wa moteri: mazutu, hewa, muzigo kupita nguvu, regilateri ya mbio. Multimetri nyingi za bei ndogo mu soko ziko na alama ya Hz na hakuna mutu anaigusaka.

Tukaomba wajaze tanki full makusudi, bato ikiwa imefungwa ku bandari, na tukafungua kifuniko cha chumba ya moteri wazi kabisa, juu kukaa chini na moteri inawaka mu chumba yenye haina hewa ni kujiua, moshi yake iko na monoksidi yenye haina harufu. Tukaweka konjelateri, taa zote na resho mbili za umeme. Bila muzigo nilisoma 246 volti na 51,9 hezi. Ile 246 ni kazi ya tirnevisi ya mwenzangu, nikaiacha kwanza. Hezi ni sawa, moteri yenye regilateri ya mbio ya mekanike bila muzigo inazungukaka juu kidogo ya 50. Na muzigo: 245 volti, 50,4 hezi. Nzuri. Pansi ampeya ikasema ampeya 18 hivi.

Hapo nikatoa swali ya muzigo mukubwa. 10 kVA kwa 220 volti ni karibu ampeya 45. Kweli kwetu huku ziwa iko karibu mita 1460 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, moteri yenye haina turbo inapoteza sehemu moja ya kumi ya nguvu au zaidi, kwa hiyo ile maandishi ya ku plaki usiiamini yote ukiwa Goma. Lakini ata ukiikata hivyo, 18 ni mbali sana. Konjelateri ikianza inavutaka mara kadhaa ya ampeya yake ya kawaida lakini ni sekunde tu, haiwezi kuua grupu kila nusu saa.

Tukangoja. Watu wakaanza kuchoka, kapiteni akaenda kujibu simu. Kisha ikaanza: 50,4... 49,6... 48,8, inarudi 49,5, inashuka 48. Na volti? 245. 244. 245. Haikutikisika. Ilipofika 47 na kitu, hapo njo volti nayo ikaanza kuanguka, na zikaenda chini pamoja mpaka 46 hezi, volti 220, 200.

Ile picha peke yake inaachilia regilateri huru. Kadi nyingi za volti za siku hizi ziko na ulinzi: hezi ikishuka chini ya namba fulani, ku grupu ya 50 hezi kwa kawaida ni karibu 47, kadi yenyewe inashusha volti makusudi, juu ikilazimisha volti kamili na mbio ndogo itapitisha umeme mukubwa mu bobini ya rota na kuiunguza, na tena kushusha volti kunapunguzia moteri muzigo ili ipate kupumua. Kwa hiyo ule mushale wenye watu wote walikua wanaangalia wanasema "regilateri imekufa", ilikua ni regilateri yenye inafanya kazi yake. Na ule ujanja wa kupandisha volti na tirnevisi ulikua kinyume cha dawa: volti ikipanda sehemu moja ya kumi, resho au taa ya waya inakula nguvu zaidi karibu sehemu moja ya tano, unaongezea muzigo moteri yenye tayari inakosa mazutu.

Haya, ni moteri. Moteri yenye inakufa kisha nusu saa mekanisie wengi watasema shofaji, moteri kupata joto kupita. Maji ya kupoza ilikua inatoka vizuri ku eshapema, kipimo cha joto 80, na kitu cha maana zaidi: ulinzi wa joto ukikata, unakata mara moja, tak, kimya. Hii ilikua inakufa pole pole, inashuka, inajikaza, inashuka, na hiyo ni njaa. Filtiri ya hewa safi. Filtiri ya mazutu ilikua mupya, nao walishaifikiria. Moshi haikua nyeusi, na ukikosa hewa moshi inakuaka nyeusi, kwa hiyo njaa yenyewe si ya hewa, ni ya mazutu.

Kuanzia hapo nikakata barabara ya mazutu mara mbili. Upande moja kuko tanki na tiyo mpaka ku pompi ndogo ya kuvuta, upande mwingine kuko filtiri, pompi ya enjeksio, enjekteri. Bidoni safi, mazutu safi, tukaifunga juu kidogo ya moteri, bushoni (kifuniko) yake wazi, tukachomeka tiyo ya kuvuta ndani yake NA tiyo ya kurudi pia. Ya kurudi usiisahau, moteri ya mazutu inarudishaka mazutu yenye haijachoma, ukiiacha ku tanki ya zamani bidoni yako itaisha mbio na utasema umepata shida mupya. Tukatoa hewa mu tiyo, tukawasha, muzigo ule ule. Nusu saa ikapita. Saa ikapita. 50,4. Ata kutikisika hakuna.

Kwa hiyo pompi ya enjeksio nzima, enjekteri nzima, filtiri nzima, regilateri ya mbio nzima. (Mekanisie moja alikua ameshaambia bosi ya bato kwamba pompi ya enjeksio ishushwe ipelekwe kuregiwa, na hiyo ni pesa yenye inaliza.) Shida iko kati ya tanki na pompi ya kuvuta, mita mbili tu za tiyo na sanduku ya toli.

Tukarudisha tiyo ku tanki, full, tukawasha, nikakaa na multimetri mu mukono moja na mukono mwingine ku bushoni ya tanki. Sikuangalia tiyo kabisa, juu ya ile maneno ya kijana. Ilipoanza kushuka, 48, 47, 46, nikafungua bushoni kidogo tu. Psssss, hewa ikaingia ndani kwa nguvu, ubavu wa tanki ukapiga tong! juu ulikua umeingia ndani bila mutu kuona, na mu sekunde chache hezi ikapanda 47, 49, 50,4, volti ikarudi yote. Kapiteni akaacha simu yake. Nikafunga tena, tukangoja, ikarudia kushuka. Nikafungua, ikapanda. Kosa yenye unaweza kuiita na kuifukuza wakati unataka, hiyo njo umeipata, chini ya hapo ni kubahatisha tu.

Tanki ilikua haivute hewa. Moteri inatoa mazutu, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, presha ndani inashuka mpaka pompi inashindwa, sawa na mutu anafyonza fanta na midomo imeziba chupa yote. Halafu tiyo ikivutwa hivyo inaanza kuingiza mapovu ku marakori, penye tiyo zinaungana, na mapovu njo ilikua inafanya taa zipumue. Wakizima wakangoja, hewa inapenya pole pole kando ya bushoni, presha inarudi, matelo anapiga pompi ya mukono anatoa mapovu, inawaka.

Na sasa ile ya kujaza. Tanki ni lita 60. Moteri na muzigo ule inakunywa karibu lita 2 kwa saa, sema lita 1 kwa nusu saa. Ukijaza mpaka mdomoni unabakiza lita 3 hivi za hewa. Moteri ikitoa lita 1, ile hewa ya lita 3 inabidi ijitandaze mu nafasi ya lita 4, presha inapoteza robo nzima: huku kwetu presha ya hewa ni karibu milibari 850, si 1013 ya ku bahari, basi inashuka mpaka karibu 640. Hiyo tofauti ni sawa na kuambia pompi ivute mazutu kutoka mita mbili na nusu chini zaidi. Pompi ndogo ya membrani inachoka hapo. Lakini tanki ikiwa nusu kuko lita 30 za hewa, ukitoa lita 1 presha inashuka 850 mpaka 823, pompi haijui ata kama kuko kitu. Itakunywa lita 10 mbele ifike pabaya pale pale, na lita 10 ni masaa tano, ni kupita Idjwi. Kijana alikua anasema fizike, wao wanasikia roho mbaya.

Tukapanda ku deki kutafuta tiyo ya kupumua ya tanki. Ilikua pale, fupi, imesimama wima, na mdomoni imefungwa sashe, na juu ya sashe kauchu ya shambreri imezungushwa vizuri kabisa, na juu ya kauchu rangi, juu walipaka bato bila kuuliza. Matelo mwingine akasema ni yeye. Kuko siku ziwa ilichafuka, mawimbi yakapanda ku deki, maji yakaingia mu mazutu, moteri ya grupu ikakufa na wakatumia usiku kutoa maji ku dekanteri, kale kachupa kenye kanatenganisha maji na mazutu. Akafunga mdomo wa tiyo isirudie. Kapiteni alitaka kumukata pesa ya mwezi na mimi nilisema hapana, mutoto alikua na sababu, kosa ni la mwenye alisimamisha tiyo ya kupumua wima ku deki ya bato.

Lakini sashe ilikua pale tangu zamani, na shida ni ya juzi juzi. Hiyo ilinikataa kwenda nyumbani. Kuuliza kuuliza, tukapata: bushoni ya kwanza ya tanki ilikua na katundu kadogo juu yake, ilianguka mu maji, wakanunua ingine nzuri, nzito, na kauchu ndani. Wote walisahau juu bushoni kwao si kitu ya kuhesabu. Kumbe katundu kale njo kalikua kanapumulia tanki miaka yote tiyo imezibwa, siku kalipotea grupu ikaanza kufa. "Hakuna kitu tulibadilisha."

Kutoboa bushoni mupya ingemaliza shida kwa dakika moja na mekanisie moja alitaka hivyo. Nilikataa, iko mu chumba yenye maji inaruka na siku bato ikiinama mazutu itamwagika karibu na moteri ya moto. Tulikata ile tiyo ya deki, tukaweka ya chuma yenye imepandishwa juu kushinda ukingo wa deki na kupindwa, mdomo unaangalia chini, tukaweka wavu wa waya laini, upande wa ukuta wa kabini penye mawimbi haifikie. Tukafungua dekanteri, maji ilitoka tena, si mingi, tukabadilisha kolie mbili za kukaza tiyo zenye zilikua zinaingiza mapovu.

Kisha nikarudi ku kale kavisi ka volti. Na tirnevisi ya plastiki, muzigo wote ukiwa umekatwa ku dijonkteri, nikashusha kutoka 246 mpaka 228, tukarudisha muzigo: 226 volti, 50,4 hezi, tanki full mpaka mdomoni makusudi. Ikakaa hivyo mpaka jioni wakaondoka nayo.

Regilateri mbili zenye zilitolewa zilikua bado mu karto mu kabini, ile ya kiwanda na ile ya "feki". Bato iliporudi nilizichomeka moja moja ku grupu ile ile. Zote mbili zilishika volti, na nikipunguza mbio ya moteri zote zilianza kuiachia karibu na 47. Kapiteni akaandika ku karto na markeri nyeusi NZIMA, akaziweka ku tiroari ya vipuri. Kipimo cha hezi ya tablo nilimuambia anunue, akasema ataona na bosi.